Pikseli Ngapi Zamtosha Mtu wa Othaya?

Bonasi ya majani chai inapolipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, nyumba nyingi za Othaya, kaunti ya Nyeri, hukamilisha jambo lililokuwa likingoja: mabati, ng'ombe wa gredi, karo ya mwaka unaofuata. Siku hizi skrini ya kompyuta nayo imejipenyeza kwenye orodha hiyo. Kijana aliyemaliza chuo anafanya kazi za mtandaoni akiwa nyumbani, si mbali na kiwanda cha Iriaini au cha Chinga. Mdogo wake anacheza gemu usiku. Mama yao anaweka hesabu ya kilo za majani kwenye jedwali. Wote watatu wanagombania kipakatalishi kimoja cha mtumba chenye skrini ya inchi 14, na wote wamechoka kukunja macho. Wakipanda matatu kwenda Nyeri au Nairobi, swali wanaloenda nalo ni moja: tununue skrini ya pikseli ngapi?

Dukani jibu huwa jepesi: nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Hilo ni jibu la muuzaji. Pikseli hulipiwa mara mbili, kwanza kaunta, kisha kila siku na kompyuta inayolazimika kuzichora. Nitasema mapema ninakoelekea: mtu anayetumia meza moja kwa kazi na kwa gemu anunue skrini kwa ajili ya maandishi, gemu itajipanga yenyewe. Watu wengi hufanya kinyume, na sababu za kuwapinga ni za hesabu kuliko za ladha.

Majina yaliyochapishwa kwenye maboksi yanachanganya, kwa hiyo tuweke tarakimu wazi. Vipakatalishi vingi vya mtumba vilivyotapakaa nchini vina pikseli 1366 kwa 768, milioni moja na kidogo tu. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni mbili. QHD, ambayo wauzaji wengi wanaiita 2K, ni 2560 kwa 1440, karibu milioni 3.7. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni 8.3, sawa na Full HD nne zilizopangwa mbili juu na mbili chini. Kutoka Full HD kwenda QHD kompyuta inaongezewa kazi kwa asilimia 78. Kutoka Full HD kwenda 4K kazi inakuwa mara nne.

Jicho, hata hivyo, halihesabu pikseli. Linapima ukubwa wa pikseli moja na umbali ilipo. Macho mazima ya kawaida hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, yaani karibu urefu wa mkono ulionyooshwa, pembe hiyo ni milimita 0.17. Sasa linganisha. Skrini ya inchi 24 ya Full HD ina pikseli zenye upana wa milimita 0.28. Ukitandaza Full HD hiyohiyo kwenye inchi 27, pikseli zinanenepa hadi 0.31, na ndiyo maana inchi 27 za Full HD huwasikitisha wanunuzi: wamelipa zaidi wakapata herufi zenye kingo za ngazi. Inchi 27 za QHD ni 0.23. Inchi 27 za 4K ni 0.16, chini kidogo ya kiwango ambacho jicho linaweza kukitambua kwa umbali huo.

Tukigeuza hesabu tuulize ni wapi pikseli zinapotea, skrini ya inchi 24 ya Full HD inahitaji ukae karibu mita moja. QHD ya inchi 27 inahitaji sentimita 80. 4K ya inchi 27 inatosheka na sentimita 54. Hapo ndipo bei ya 4K inapopata maana, na hapo hapo ndipo inapoipoteza: ukiwa na meza pana na mazoea ya kuegemea nyuma ya kiti, sehemu ya pikseli ulizolipia inaishia hewani kabla haijafika machoni.

Umbali unaeleza pia jambo ambalo wengi hawalitilii maanani kwenye vibanda vya PlayStation, vile vya vijana kulipa kwa kila mechi. Skrini iliyoko ukutani mara nyingi ni televisheni ya inchi 32, na televisheni nyingi za bei nafuu za ukubwa huo bado ni za 1366 kwa 768. Pikseli zake zina upana wa zaidi ya nusu milimita. Juu ya meza ya kazi ungeziona moja moja kama vigae. Lakini vijana wamekaa kwenye benchi mita mbili kutoka ukutani, na kwa umbali huo jicho haliwezi kutenganisha chochote kilicho chini ya milimita 0.58. Kwa macho ya mteja, picha ni safi. Mwenye kibanda anayefikiria kukopa ili aweke 4K ya ukubwa uleule, benchi likibaki palepale, atakuwa amenunua kitu ambacho mteja hana uwezo wa kukiona. Pedi mpya zitampa faida zaidi.

Televisheni ile ile ukiipeleka nyumbani uitumie kama monita, mambo yanageuka. Huu ndio mtego wa kwanza wa mnunuzi wa Othaya, kwa sababu televisheni zimejaa kila mji wa eneo la Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, ilhali monita nzuri ni lazima uitafute. Inchi 32 za televisheni ya bei ya chini haziwezi kuonyesha ukurasa mzima wa hati kwa herufi zinazosomeka vizuri. Televisheni ya 4K ya inchi 43 ni habari nyingine: pikseli zake ni milimita 0.25, karibu sawa na QHD ya inchi 27, na kwa mtu wa majedwali makubwa inaweza kuwa meza nzima ya kazi. Lakini kuna masharti. Televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi ili kubana mawimbi, na herufi nyekundu juu ya bluu zinatoka na ukungu. Nyingi pia huichakata picha kabla ya kuionyesha, hivyo kipanya kinachelewa nyuma ya mkono. Tafuta hali ya gemu kwenye menyu na uiwashe. Televisheni isiyokuwa nayo usiifanye monita.

Sasa tuingie nyuma ya skrini, kwenye mashine yenyewe. Hapa ushauri unaotolewa Ulaya au Marekani hautufai, kwa sababu unamfikiria mtu mwenye kompyuta mpya. Mashine ya kawaida ya huku ni ya ofisi iliyostaafu, inayoingia nchini kwa jina la Ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, au vipakatalishi vya EliteBook na ThinkPad. Mashine hizi zina jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui. OptiPlex 7010 na 9020 zina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, na hazina HDMI. EliteBook 840 za vizazi vya mwanzo nazo zina DisplayPort. Ofisi za Uingereza zilipenda tundu hilo, na sisi tumelirithi bila kujua thamani yake.

Kinachofuata nimekiona kikijirudia mno. Mtu ananunua skrini ya QHD, anafika nyumbani, anagundua kompyuta yake haina HDMI. Anarudi dukani na kuuziwa adapta ndogo ya shilingi mia chache inayogeuza DisplayPort kuwa HDMI. Picha inatokea, kila mtu anafurahi, na kwa miezi mingi skrini ya pikseli milioni 3.7 inaonyesha milioni mbili zilizotandazwa. Adapta nyingi za bei hiyo zimebanwa na kasi ya kizamani ya kupitisha data, zinakomea 1920 kwa 1080 au 1200. Wengine hutumia waya wa VGA uliokuja na mashine, na huo ni mbaya zaidi kwa sababu unapitisha picha kwa mawimbi ya analogi, na herufi zinatoka kama zimelowa. Dawa ya yote mawili ni kebo ya DisplayPort kwa DisplayPort, moja kwa moja, isiyo na adapta. OptiPlex 7010, yenye prosesa za kizazi cha tatu cha Intel, hupeleka hadi 2560 kwa 1600 kwa tundu hilo bila kuongezewa kadi ya grafiki. 9020, ya kizazi cha nne, hufikisha 4K kwa hezi 60.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendelea QHD hapa kwetu. Mashine ambayo tayari ipo sebuleni inaiweza, kwa kebo moja. 4K kwenye mashine za umri huo inategemea bahati ya modeli. Na kwenye vipakatalishi vyenye HDMI ya zamani ya toleo la 1.4, 4K hutoka kwa hezi 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde. Kusoma inawezekana, lakini kipanya kinaruka ruka, na baada ya nusu saa unatamani kurudia skrini ya zamani. HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyowezesha 4K kwa hezi 60. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 likafungua hezi 120. Toleo hilo halijaandikwa kwenye tundu, kwa hiyo tafuta mwaka na modeli ya mashine kabla ya kutafuta skrini.

Kwenye kazi za kila siku, faida ya QHD inaonekana siku ile ile ya kwanza. Hati mbili zinakaa bega kwa bega, herufi zikiwa na ukubwa wa kawaida. Anayeandika nakala za sauti kwa wateja wa mbali, kazi ambayo vijana wengi wameijua kupitia mpango wa serikali wa Ajira Digital, anaweka kichezeo cha sauti upande mmoja na maandishi upande mwingine, asihangaike kubadilisha madirisha. Faili ya marejesho ya kodi ya KRA, lile jedwali lenye karatasi nyingi, inaonyesha safu zake bila kusukumwa kushoto na kulia kila mara. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi anayechora ramani au sehemu za mitambo anapata nafasi ya mchoro hata zana zikiwa zimefunguka pembeni.

4K ya inchi 27 haikupi nafasi zaidi ya hiyo, na wauzaji hawalisemi hili. Ukiiacha kwenye ukubwa wa asilimia 100, herufi zinakuwa ndogo kama za karatasi ya dawa. Kila mtu huipandisha hadi asilimia 150, na kwenye asilimia 150 nafasi ya kazi ni 2560 kwa 1440 kamili. Ni QHD ileile, ila yenye herufi kali zaidi, na inayodai zaidi ya mara mbili ya pikseli. Programu za zamani, za aina inayopatikana kwenye ofisi za ushirika na maduka ya dawa, hazikuandikwa kwa upanuzi huo. Baadhi hutokea na ukungu, nyingine na vitufe vidogo mno. Mtu anayesoma siku nzima, mhariri au mwanasheria kwa mfano, ana haki ya kuitaka 4K. Herufi zake ni kama zilizochapwa kitabuni, na kwake huo si ulimbwende. Wengine wote wapime macho kwanza. Daktari wa macho mjini Nyeri ni nafuu kuliko skrini, na miwani hufanya kazi kwenye vitu vingine pia.

Tufike kwenye gemu, ambako maneno ni mengi na fedha hupotea kwa kasi.

Kadi ya grafiki huchora kila pikseli upya makumi ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo asilimia 78 za QHD, na ile mara nne ya 4K, zinakuwa mzigo halisi. Kompyuta ya ofisi iliyoongezewa GTX 1050 Ti au GTX 1650 ni mashine inayopendwa sana na vijana wa huku, kwa sababu modeli nyingi za kadi hizo hula umeme kutoka kwenye ubao mama pekee, na chanzo cha umeme cha OptiPlex ndogo, cha wati 240 au 255, kinazimudu. Mashine hiyo inacheza eFootball, GTA V au Valorant kwa Full HD vizuri tu. Kwa QHD, gemu nyepesi kama Valorant na Counter-Strike 2 bado zinawezekana ukipunguza mapambo. Gemu nzito kama Cyberpunk 2077 usizitarajie. Kwa 4K mashine hiyo inapiga magoti, na kadi inayoiweza 4K inagharimu kuliko mashine, skrini na meza vikiwekwa pamoja.

Basi kwa nini nasema gemu ijipange yenyewe? Kwa sababu gemu inaweza kupunguziwa pikseli, maandishi hayawezi. Ukishusha Windows kutoka QHD hadi Full HD, kila pikseli moja inalazimika kutandazwa juu ya moja na theluthi, na herufi zote zinatoka na ukungu. Gemu haiko hivyo. Nyingi za kisasa zina kipimo cha kuchora ulimwengu wa gemu kwa pikseli chache huku menyu, ramani na majina yakibaki kwenye ukali kamili. Tangu mwaka 2021 AMD ilipotoa FSR, hata kadi za zamani, zikiwemo za mshindani wake, zinaweza kuchora picha ndogo kisha kuipanua kwa ujanja unaoficha sehemu kubwa ya upungufu. DLSS ya Nvidia hufanya vizuri zaidi, ila inataka kadi za RTX. Katika mechi ya mpira, nyasi zikipoteza ukali kidogo hakuna atakayelalamika. Katika mkataba wa shamba, tarakimu ya ekari ikikosa ukali ni ugomvi.

4K ina ujanja wake hapa ambao ni haki kuutaja. Kwa kuwa ni Full HD iliyozidishwa mbili kila upande, gemu ya Full HD inaweza kuonyeshwa kila pikseli ikiwa mraba wa pikseli nne, pasipo ukungu wa mgawanyo usiolingana, mradi kadi iwe na chaguo hilo. QHD haina usawa huo. Ni hoja nzuri ya 4K, na haitoshi kufidia bei, kwa maoni yangu.

Wenye konsoli wana hesabu yao. PlayStation 4 ya kawaida haitoi zaidi ya 1080, hivyo skrini ya QHD itaipanua picha yake na kuifanya laini kidogo. Kwa umbali wa kochi hutaona, kwa umbali wa meza utaona. PlayStation 5 haikujua QHD kabisa tangu ilipotoka Novemba 2020 hadi Sony ilipoongeza uwezo huo Septemba 2022. Leo inaikubali. Xbox Series S iliundwa ikilenga QHD tangu mwanzo. Mwenye PlayStation 5 asiyekuwa na kompyuta kabisa ndiye mtu mmoja ambaye ningemwambia anunue 4K bila kusita, na kama ana nafasi ya ukuta, iwe televisheni.

Hezi zinastahili aya yake, maana kwenye gemu za kasi zinazidi pikseli kwa umuhimu. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ya hezi 144, kila 6.9. Anayecheza Valorant kwa ushindani ataiona tofauti hiyo kabla hajaona tofauti ya Full HD na QHD. Tatizo ni kwamba hezi 144 zinafaa tu pale ambapo kadi inaweza kutoa picha zinazokaribia 144 kwa sekunde. Kwa hiyo kijana mwenye GTX 1650 na ndoto za mashindano ana njia nzuri, ambayo ni Full HD ya inchi 24 yenye hezi 144 au zaidi; akiichukua simlaumu. Ila ajue kwamba mama na kaka watakaoitumia mchana wanabaki na pikseli milioni mbili. Siku hizi skrini mpya za QHD zenye hezi 100 na kuendelea si adimu, na DisplayPort 1.2 inapitisha QHD kwa hezi 144, kwa hiyo ugomvi huo wa familia unaweza kusuluhishwa. Tafuta pia iliyoandikwa FreeSync, inayoifanya skrini imngoje mchoraji wake. Kwenye kadi dhaifu, ambayo picha zake kwa sekunde hupanda na kushuka, faida yake ni kubwa.

Aina ya kioo nitaipitia haraka. Chukua IPS. Rangi zake hazibadiliki ukikaa pembeni, na kwenye chumba ambamo watu watatu wanaangalia skrini moja hilo linatosha kuamua. VA ina weusi mzito unaopendeza kwa filamu, lakini nyingi huacha kivuli nyuma ya vitu vinavyokimbia gizani. TN iachwe kwa wanaoipata bure. OLED ni nzuri kupita zote, ghali kupita zote, na haipendi kuonyesha mstari uleule wa menyu saa nane kwa siku.

Wapo wanaotaka 4K kwa ajili ya filamu na YouTube. Waulize intaneti yao. Netflix inapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, YouTube 20. Full HD inatosheka na 5 hivi. Mbunge wa Othaya wa wakati huo, Mwai Kibaki, ndiye aliyekuwa rais mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, na nyuzi za intaneti zimepanda mlima kiasi tangu wakati huo, lakini nyumba iliyo bondeni kati ya mashamba ya chai bado mara nyingi inategemea bando la simu. Bando hukatika kabla filamu haijafika katikati ukiiangalia kwa 4K. Hapo utaishia kushusha ubora, skrini itaonyesha Full HD, na jirani mwenye Full HD ataona picha ileile.

Kuhusu stima, tofauti ya ulaji ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Skrini ya inchi 24 inaweza kula wati 20 hivi, ya inchi 27 ya QHD 30 na kitu. Wati kumi za ziada kwa saa tano kila siku ni uniti moja na nusu kwa mwezi, kitu kisichofika tokeni za shilingi mia. Hatari iko kwenye stima inayokatika na kurudi kwa kishindo, hasa majira ya mvua matawi yanapoangukia nyaya kwenye miteremko ya Nyandarua. Skrini nyingi zinavumilia volti kushuka, kwa kuwa zimeundwa kwa volti 100 hadi 240, lakini haziwezi kustahimili mruko wa juu. Weka TV guard. Na ukiwa na uchaguzi kati ya skrini yenye adapta ya nje kama ya kipakatalishi na ile yenye chanzo cha umeme tumboni, fikiria ya nje: ikiungua, unanunua adapta nyingine ya volti zile zile na maisha yanaendelea, wakati ile nyingine inamhitaji fundi aifungue.

Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo nitazungumzia uwiano. QHD mpya ya inchi 27 kwa kawaida hugharimu kama mara mbili ya Full HD mpya ya inchi 24, na 4K nzuri huongezeka tena juu ya hapo. Katikati yake kuna njia ya mtumba ambayo wengi wanaipita bila kuiona. Ofisi zilizotupa OptiPlex zilitupa na skrini pia. Dell U2412M ya mwaka 2011, inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1200, ina kioo cha IPS na mistari 120 zaidi ya Full HD kwenda chini, ambayo kwenye hati ni aya nzima. U2713HM ya mwaka 2012 ni QHD kamili ya inchi 27. Hazina hezi za kujivunia, zote ni 60, na baadhi ya QHD za umri huo hazipokei QHD kwa HDMI, lakini kwa mama wa jedwali na kijana wa nakala za sauti zinashinda skrini mpya ya bei ileile. Kumbuka pia kwamba skrini huishi kuliko kompyuta. Windows 10 iliacha kupata msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na karibu mashine zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. OptiPlex itabadilishwa, QHD itahamia kwenye mashine itakayofuata, ambayo pengine itakuwa na nguvu kuliko ya leo.

Anayenunua ya mtumba aende na kipakatalishi chake na kebo yake mwenyewe. Afungue picha tupu nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja baada ya nyingine, skrini nzima, na atafute nukta isiyobadilika. Kwenye nyeusi aangalie kingo kama taa inavuja. Aangalie stendi, kwa kuwa nyingi hufika bila miguu na muuzaji huzitundika ukutani ili usigundue. Zikiwa na matundu manne ya milimita 100 mgongoni, mkono wa chuma wa kununua kando utazishika. Kisha afungue menyu ya skrini yenyewe, si ya Windows, na asome mstari unaotaja picha inayoingia. Kama skrini ya QHD inasema inapokea 1920 kwa 1080, kuna waya au adapta yenye kasoro mahali fulani, na hilo litatuliwe pale pale kaunta, risiti ikiwa bado haijaandikwa. Ndani ya matatu ibebwe ikiwa imesimama, kioo kikitazamana na ubao au godoro jembamba, na isiwekwe juu ya keria pamoja na magunia.